Goli la Ugenini Halihesabiwi Mawili, na Kombe la Yanga Halikupotelea Algiers

Wiki iliyopita kinyozi mmoja hapa Temeke alizima mashine ili amsomeshe mteja aliyekuwa benchi akisubiri zamu yake, kuhusu fainali ya Yanga na USM Alger ya Algeria mwaka 2023. "Mdogo wangu, elewa kitu kimoja. Goli la ugenini ni mawili. Waarabu walikuja hapa wakafunga mawili, maana yake walifunga manne. Sisi kule moja, sawa na mawili. Ungefanyaje hapo?" Yule kijana akatikisa kichwa kwa uchungu, kisha akanigeukia. "Eti kocha, si ndivyo?"

Sivyo. Na kwa kuwa nimelisikia hili kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, kwenye daladala za Mbagala, na hata redioni kwa mtu anayelipwa kuchambua mpira, naliandika hapa ili siku nyingine nimtumie mtu kiungo tu. Kazi yangu ni kukaa na video za mechi na kufundisha makocha wanaoanza. Mechi za mtoano za mikondo miwili, moja nyumbani na moja ugenini, ndizo zinazonilaza usiku wa manane, kwa hiyo mniwie radhi nikikaza sauti.

Goli ni moja. Liingie Uwanja wa Mkapa hapa Dar, liingie Pretoria, liingie Ndola, ni moja. Unajumlisha mikondo miwili, na aliyezidi kwa jumla kapita, habari imekwisha. Ikiwa jumla imelingana, na hapo tu, ndipo unauliza nani alifunga mengi kwenye uwanja wa mwenzake. Hayo nayo yakilingana, wanaenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, hawaongezi dakika 30 kwenye hizi mechi za mikondo miwili, na mashabiki wetu wanajua hivyo kwa machungu: Simba na Orlando Pirates mwaka 2022, Simba na Wydad 2023, Yanga na Mamelodi Sundowns 2024, zote zilitoka dakika ya 90 moja kwa moja kwenda kwenye matuta, na zote tukatolewa.

Atakayebisha achukue karatasi. Timu yako imeshinda nyumbani 3-2, ikaenda ugenini ikatoa 0-0. Jumla 3-2, umepita bila mjadala. Sasa hesabu kwa mtindo wa kinyozi: wewe una matatu, mgeni wako alifunga mawili kwako kwa hiyo yamekuwa manne, na wewe umetolewa. Umeona? Kwa hesabu hiyo timu iliyoshinda mechi moja na kutoa sare nyingine inarudi nyumbani. Hakuna mashindano yanayoendeshwa hivyo. Kosa hili limeishi muda mrefu kwa sababu jumla ikiwa imelingana, kuzidisha kwa mbili kunakupa mshindi yuleyule. Kwenye fainali ya Yanga na USM Alger jibu lilitoka sahihi kwa njia isiyo sahihi, na mtu akishapata jibu sahihi humtoi tena kwenye njia yake.

Ingekuwa kosa la hesabu tu ningelinyamazia. Linaniudhi kwa sababu linawafanya watu walilie mechi ambayo siyo.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Tarehe 28 Mei, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku ile ilianza na msiba, maana kwenye msongamano wa milangoni shabiki mmoja alipoteza maisha, na kila ninapoizungumzia ile mechi namkumbuka kwanza yeye, aliyekwenda kuangalia fainali kama sisi wengine. Ndani, USM Alger walitangulia dakika ya 32 kupitia Aymen Mahious. Yanga wakahangaika hadi dakika ya 82, Fiston Mayele akasawazisha. Nilikuwa jukwaani, na sijawahi kusikia Mkapa ikinguruma vile. Dakika ya 84, Islam Merili akafunga la pili.

Dakika mbili! Rudia hiyo video bila sauti, uangalie timu na siyo mpira. Baada ya goli la Mayele, uwanja mzima unasukuma mbele. Jukwaa linasukuma, benchi linasukuma, na wachezaji ni binadamu, nao wanakwenda. Kila mtu alitaka la pili. Ila 1-1 nyumbani kwenye mkondo wa kwanza ni matokeo ambayo kocha anaweza kuyabeba kwenye ndege. Hayapendezi, lakini yanabebeka. 1-2 ni mzigo wa aina nyingine kabisa.

Sasa jumlisha. Tarehe 3 Juni, Algiers, Djuma Shaban anafunga penalti dakika ya 7 na Yanga wanashinda 1-0 kwenye uwanja wa watu. Kama Mkapa ingeisha 1-1, jumla ingekuwa 2-1, na kombe lingeshuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere bila mtu kutaja goli la ugenini wala kanuni yoyote. Kwa 1-2, jumla ikawa 2-2. Waalgeria walikuwa na mawili ya ugenini, Yanga moja. Kombe likabaki kule.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "tulishinda fainali tukanyimwa kombe". Yanga walishinda mechi ya pili, tena kiume. Fainali ilikuwa ya dakika 180. Kanuni iliandikwa kabla mpira haujapigwa, pande zote mbili ziliijua, na Abdelhak Benchikha, aliyekuwa kocha wa Waalgeria, aliipanga timu yake kwa kuifuata. Wana Msimbazi, yaani Simba, wanamfahamu, maana kabla mwaka huo haujaisha alikuja kuwafundisha wao.

Hapa kuna jambo ambalo kwenye darasa la makocha huwa tunalipita haraka, na mimi sitaki kulipita. Hesabu yangu ya 2-1 ina tobo. USM Alger iliyotoka Dar na ushindi wa 2-1 ilicheza Algiers ikiwa na akiba: ikifungwa moja bado bingwa. Ingetoka na 1-1 ingecheza mchezo tofauti, labda ingetulia zaidi, labda ingeshambulia tangu mwanzo. Sina haki ya kuchukua 1-0 ya Algiers na kuibandika kwenye dunia nyingine. Ninachoweza kutetea ni kwamba goli la Merili liliwapa akiba hiyo, na walikwenda nayo hadi filimbi ya mwisho.

Kuna tatizo gumu zaidi. Ningekuwa benchi dakika ile ya 82, watu elfu hamsini na kitu wakiimba, ningewaambia vijana warudi nyuma? Kwenye ubao ni rahisi: mkondo wa kwanza nyumbani, usiruhusu goli. Nimefundisha sentensi hiyo kwa miaka. Lakini timu iliyotoka kusawazisha ina moto, mpinzani ameyumba, na mara nyingi goli la pili hupatikana katika dakika hizohizo. Ukiwarudisha nyuma unawapa wageni pumzi. Hadi leo sina jibu la kumpa mwanafunzi akaliandika daftarini akalala salama. Nawaambia tu waamue mapema, kabla ya mechi, timu itafanya nini ikisawazisha mwishoni, kwa sababu dakika ile yenyewe hakuna anayesikia.

Watu wa Msimbazi msicheke, ninyi kanuni hii mnaijua vizuri kuliko Yanga wa Jangwani. Agosti 2019, UD Songo ya Msumbiji. Sare 0-0 kule Beira, kila mtu mjini akasema kazi imekwisha, kwa Mkapa hatoki mtu. Songo wakatangulia kufunga hapa Dar kwa mguu wa Luis Miquissone, Simba wakasawazisha, 1-1, wakatolewa. Miezi michache baadaye Miquissone akavaa jezi nyekundu ya Simba. Oktoba 2021, Jwaneng Galaxy. Simba walishinda 2-0 Gaborone, wakaongoza 1-0 hapa, yaani jumla 3-0, watu wanapiga simu nyumbani waandaliwe wali. Ikaisha 1-3. Jumla 3-3, magoli ya ugenini matatu kwa mawili, Galaxy wakapita. Oktoba 2023 kwenye African Football League, 2-2 na Al Ahly hapa, 1-1 Cairo, wametoka tena.

Lakini mwezi huohuo wa Oktoba 2023 Simba walitoa 1-1 na Power Dynamos baada ya 2-2 ya Ndola, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kanuni hiyohiyo. Siku hiyo sikusikia mtu akidai kwamba Wazambia wameonewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kaizer Chiefs, Mei 2021, na nashangaa watu wanautumia vibaya. Simba walifungwa 4-0 Soweto, wakashinda 3-0 Mkapa. Wengi husema Simba walikosa goli moja tu la kufuzu. Wapi? Goli la nne Mkapa lingeleta 4-4 na matuta, kwa sababu hakuna aliyefunga ugenini. Goli lililokosekana ni lile la Soweto. Wangefungwa 4-1 kule, ile 3-0 ya nyumbani ingetosha kabisa. Ndiyo sababu timu ikiwa nyuma 3-0 ugenini bado unamwona kocha anaingiza mshambuliaji, na jukwaani mtu anafoka kwamba kocha amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Anatafuta kitu cha kurudi nacho.

Na ndiyo sababu mpira wa Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Sundowns kule Pretoria, Aprili 2024, unauma kuliko watu wanavyoeleza. Mkapa ilikuwa 0-0. Matokeo hayo watu wengi huyaona mabaya, na mimi nayahesabu kuwa mazuri, maana kule kila sare ya magoli ni yako. Mpira ule uligonga mwamba ukadunda kwenye mstari, ubishi wake haujaisha. Ungekubaliwa, Sundowns wangehitaji mawili. La kusawazisha lisingewasaidia kitu.

Sasa, hoja ya "UEFA wameifuta, CAF wanasubiri nini". Ni kweli UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, waliiondoa Juni 2021, baada ya kuitumia tangu msimu wa 1965/66. Moja ya sababu zao ilikuwa kwamba faida ya kucheza nyumbani imepungua sana Ulaya. Je, huku imepungua? Timu inatoka Dar, inabadilisha ndege mara mbili, inafika kwenye baridi au joto ambalo haikulizoea, inacheza mbele ya uwanja mzima unaoizomea. Kufunga goli katika hali hiyo bado ni kazi kubwa, na kuipa kazi hiyo uzito jumla ikilingana si uonevu. Sababu yao nyingine, ya kwamba mgeni kwenye dakika za nyongeza anapata nusu saa zaidi ya kutafuta goli lenye faida, huku haitugusi, kwa kuwa dakika hizo hatuna. Wanaonakili hoja ya Ulaya waanze kwa kuisoma.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine: kwamba kanuni hii inamtia woga mwenyeji. Hiyo naiona kwenye video kila msimu. Timu iko nyumbani, ina mashabiki wake, na beki wa pembeni hapandi kwa sababu goli moja la mgeni litamharibia kila kitu. Kanuni iliwekwa ili mgeni ashambulie, na mara nyingine matokeo yake ni mwenyeji kutoshambulia. Nikiulizwa leo, ningeiacha kwenye hatua za mwanzo na kuiondoa kwenye fainali. Fainali za CAF za 2020 hadi 2022 zilichezwa mechi moja tu, mikondo miwili ikarudi 2023, mwaka uleule wa Yanga. Mwaka mmoja nyuma, mjadala huu wote usingekuwepo.

Kwa mnaokwenda uwanjani kwenye mkondo wa kwanza nyumbani, ombi langu ni dogo. Dakika ya 80 ubao ukisoma 1-1, na beki wenu akarudisha mpira kwa kipa, msimzomee. Mara nyingi ameelekezwa hivyo. Nimezungumza na wachezaji waliocheza mechi za namna hii hapa Dar, na wanasema zomea ile inafika miguuni: pasi inayofuata inakwenda mbele hata kama mbele hakuna mtu, mpira unapotea, na mgeni anaondoka nao wakati mabeki wawili wako katikati ya uwanja.