Rufaa ya Hospitali Haikatwi

Wiki iliyopita nimeingizwa kwenye kundi la nne la WhatsApp mwaka huu lenye jina "Rufaa ya India". Safari hii ni mzee wa mtaani kwetu, anasumbuliwa na goti. Nikamuuliza mwanawe, ambaye ndiye mweka hazina, rufaa imeandikwa na hospitali gani. Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hapana kaka, kuna wakala tumemtumia picha za eksirei, India wamejibu ndani ya siku mbili."

Hiyo si rufaa. Hayo ni makadirio ya bei.

Maana yenyewe ni fupi. Rufaa ya matibabu ni daktari au kituo kumkabidhi mgonjwa kwa mwingine mwenye uwezo zaidi, kwa maandishi, akieleza alichokiona, alichokwisha kufanya na anachoomba kifanyike. Zahanati humpeleka mgonjwa kituo cha afya, kituo hospitali ya wilaya, kisha mkoa, kanda, na taifa. Akishatibiwa hurudishwa alikotoka na karatasi ya majibu. Basi.

Neno lenyewe ndilo lina mambo. Katika Kiarabu rafa'a ni kuinua, kupandisha. Mahakamani hilo linaonekana waziwazi: shauri linapandishwa kutoka chini kwenda juu, Kenya kwenye Mahakama ya Rufaa, Tanzania kwenye Mahakama ya Rufani, na mawakili wa pande zote mbili za Namanga wamekwisha kuizoea tofauti hiyo. Hospitalini nako mgonjwa anapandishwa. Cha kuchekesha ni kwamba Waarabu wenyewe hawalitumii hivyo. Rufaa ya mahakama wao huiita istinafu, na ya hospitali huiita tahwili au ihala, mzizi uleule uliotupa hawala ya fedha. Na ukifikiri, mgonjwa hana tofauti kubwa na hawala: anatoka mkono mmoja kwenda mwingine, na lazima upande wa pili awepo wa kumpokea.

Sisi tulichukua neno moja la kupandisha, tukalipeleka mahakamani na hospitalini, kisha tukatenganisha sehemu hizo mbili kwa kitenzi. Mahakamani rufaa inakatwa. Hospitalini inaandikwa, inatolewa, mtu anapewa. Sijawahi kumsikia mgonjwa wa hospitali ya Bugando, Mwanza, akisema "nimekata rufaa kwenda Muhimbili". Hata mlinzi wa getini angemcheka. Anayekata rufaa hakuridhika na alichoambiwa, anatafuta mwingine amsikilize. Anayepewa rufaa amepimwa na mtu mwenye ujuzi, na mtu huyo ndiye aliyekiri kwamba hapa pake pamefika mwisho.

Kwa kipimo hicho, kama mzee wetu ana rufaa, basi ni ile ya mahakamani: ameikata mwenyewe. Ana haki hiyo kabisa, na sina neno na uamuzi wake. Nina neno na lile jina la kundi, kwa sababu wanaosoma "rufaa" wanaelewa kwamba madaktari wa hapa wameshindwa. Goti la bandia linawekwa Dar es Salaam pale MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili. Rufaa ya kweli ya nje ya nchi inahitaji madaktari bingwa wakae, waandike kwamba tiba hiyo haipo nchini, na wizara iidhinishe. Ndiyo maana orodha ya wanaosafirishwa na Serikali imepungua tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi mwaka 2015, na tangu Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Huduma ikishakuwepo, sababu ya kumpandisha mtu hadi ng'ambo inakuwa imeondoka.

Kwa nini niling'ang'anie neno? Kwa sababu rufaa ni neno, lakini pia ni mtu. Ni yule daktari anayejua umekwenda wapi, anayesubiri karatasi ya majibu, atakayeshika jalada lako ukirudi. Ukijipeleka mwenyewe, kazi ya kupima faida na hatari iliyokuwa ya jopo zima inakuangukia wewe na mweka hazina wa kundi.

Faida zipo, na wanaozikana hawajawahi kukaa foleni. Hospitali kubwa za Chennai au New Delhi zina madaktari wanaofanya upasuaji uleule mara kadhaa kwa wiki, mashine ziko palepale, na tarehe unayopewa kwa kawaida ndiyo tarehe. Wengine wanataka tu daktari wa pili awaangalie, jambo la busara, ingawa picha na majibu siku hizi vinaweza kusafiri bila mwenyewe.

Hatari ndizo zinazosemwa nusu. Chukua hilohilo goti. Upasuaji wa goti unaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na kukaa muda mrefu kwenye ndege kunaongeza vilevile. Dar es Salaam hadi Mumbai ni saa sita hivi kwa ndege ya moja kwa moja, ukiacha za kuunganisha. Kwa waliopasuliwa kifua au tumbo, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri kusubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege. Siku hizo ni kodi ya nyumba ya wageni na chakula cha wawili, na ni nadra kuziona kwenye makadirio ya wakala. Wala hutaona bei ya chumba cha wagonjwa mahututi endapo mambo yataharibika. Na muulize wakala nani anamlipa. Wapo wanaolipwa na hospitali kwa kila kichwa wanachopeleka; si kosa, lakini ushauri wa namna hiyo una mwenyewe.

Kisha kuna usaha. Maambukizi kwenye kiungo cha bandia yanaweza kuchelewa wiki au miezi kujitokeza, yaani yatatokea Temeke, si Chennai. Daktari wa hapa atataka kujua kiungo ni cha kampuni gani, saizi gani, dawa gani zilitumika kwa majina yake halisi na si ya kibiashara, na vimelea gani viliota maabara. Aliyepewa rufaa, maelezo hayo yana njia ya kurudi. Aliyejipeleka anarudi na mfuko wa dawa na sidii ambayo hakuna kompyuta nyumbani ya kuifungua. Vimelea navyo husafiri bila viza. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja nchini Sweden, aliyekuwa amelazwa New Delhi, alikutwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja dawa kali za akiba. Wanasayansi wakakiita NDM, herufi mbili za mwanzo zikitokana na jina la jiji hilo, na India ikalalamika sana. Ilikuwa na sababu: usugu wa dawa hauna uraia. Hata hivyo ukirudi kutoka hospitali yoyote ya nje, mwambie daktari wako ulilazwa wapi, hata kama hakuulizi.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna kaka yake rufaa naye ananikera: utalii wa matibabu, au tiba utalii kama tunavyoisikia siku hizi wakizungumziwa wagonjwa wa Komoro wanaokuja Dar es Salaam. Mgonjwa wa moyo anayeshuka uwanjani kwenye kiti cha magurudumu anatalii nini? India yenyewe ina viza ya utalii na ina viza ya matibabu, na msindikizaji ana yake. Kwenye figo tofauti hiyo ni nzito zaidi. Tamko la Istanbul la mwaka 2008 lilitenganisha kusafiri kwenda kupandikizwa kiungo, jambo ambalo linaweza kuwa halali kabisa, na utalii wa upandikizaji, ambao ni safari iliyochanganyika na biashara ya viungo vya watu au inayowanyima wenyeji nafasi yao. Anayekwenda na ndugu yake wa damu kumpa figo ni msafiri. Anayeahidiwa na wakala kwamba figo "itapatikana hukohuko" yuko kwenye lile kundi la pili, na sheria ya India ya viungo ya mwaka 1994 haimchekei.

Ajabu ni kwamba talii, kabla ya mabasi ya Serengeti, lilikuwa kusoma, kudurusu, kuchungulia jambo kwa makini. Kwa Kiarabu mutalaa ni usomaji. Kwa maana hiyo ya zamani ningekubali mzee wetu aitwe mtalii, ili mradi familia itaanza kutalii yale makadirio mstari kwa mstari.

Sikutaka kumfundisha mweka hazina sarufi wakati baba yake hawezi kupanda ngazi. Nilimpigia, nikamwomba ampeleke mzee MOI kwanza akaonwe, na wakiamua kwenda bado, waondoke na barua ya daktari huyohuyo atakayewapokea wakirudi. Akasema watajaribu Jumatatu. Halafu nikakopi orodha ya mchango ili niongeze jina langu. Juu kabisa, palipoandikwa "Rufaa ya India", nikafuta neno la kwanza nikaandika "Safari ya matibabu". Nilikuwa namba 31. Namba 32 aliikopi kama ilivyo.