Fimbo mbili za Wafini si mikongojo

Ukimwona mtu anatembea kwenye barabara tambarare na fimbo mbili, moja kila mkono, wazo la kwanza ni kwamba magoti yamemchosha. Hata Ufini kwenyewe, mazoezi haya ya kutembea kwa fimbo (Nordic walking) yalipoanza kuenea, watembeaji walitaniwa kwamba wamesahau skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, nyumbani. Imani kwamba ni mambo ya wazee na wagonjwa imedumu, ila haina mashiko.

Asili yake ni kinyume kabisa. Wanamichezo wa mbio za skii, watu wa pumzi ndefu, walikuwa wakijinoa kwa kutembea na fimbo zao za skii kiangazi, theluji ikishayeyuka. Mwaka 1997 kampuni ya Exel ya Ufini ikatoa fimbo maalumu za kutembelea.

Tofauti iko mkononi. Mkongojo hutangulia mbele ili ubebe uzito wa mwili. Fimbo hizi huchomekwa kwa mshazari, ncha ikielekea nyuma, kisha unajisukuma. Mkono ukipita nyonga, vidole vinaachia mpini na mkanda ulioshonwa kama glavu ndio unaomalizia msukumo. Mabega, mgongo na misuli ya nyuma ya mkono vyote vinafanya kazi, kwa hiyo mwendo uleule unachoma nishati zaidi. Anayezikokota tu kama mkia (nao si wachache) hapati faida hiyo.

Kuhusu urefu, simamisha fimbo na ushike mpini: kiwiko kikikunjika kama herufi L, inakutosha. Kwenye lami, ivishe ncha kofia ya mpira, la sivyo mtaa mzima utakusikia ukipita.