Mita 60 za mto na ziwa: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

“Hilo ni korongo tu, si mto.”

Sheria inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na wauzaji wana majibu yao. Ukienda kuonyeshwa kiwanja cha bondeni Kigoma-Ujiji, kauli hii utaisikia mapema. Na mara nyingi utaonyeshwa kati ya Juni na Septemba, udongo umekauka na watoto wanapita humo kama njia ya mkato. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na mji wenyewe umekaa kwenye miteremko inayoishia Ziwa Tanganyika. Kila bati jipya na kila uwanja unaosakafiwa huko juu huongeza maji yasiyo na pa kuzama, nayo yote hushukia korongo hilohilo.

Kwa hiyo usiangalie sakafu ya korongo, angalia kingo zake. Utaona mizizi iliyobaki wazi, mchanga laini uliolala tabaka juu ya tabaka, matambara na mabaki ya plastiki yaliyonasa kwenye matawi. Plastiki ikiwa imenasa usawa wa kifua chako, maji yalifika hapo. Mimi ningeamini hilo tambara kabla ya kumwamini dalali.

“Mita 60 zinahesabiwa kutoka maji yalipo.”

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya eneo hilo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ufukwe wa ziwa au wa bahari. Kipimo kinaanzia ukingoni, si kwenye kamkondo kembamba kanakobaki Agosti. Anayenyoosha futi kutoka katikati ya maji ya kiangazi ataona amevuka mita 60, kumbe bado yuko ndani.

Ziwa nalo lina hadithi ndefu zaidi, na sisi wa Kigoma ndio tungepaswa kuijua kuliko wengine. Tanganyika hutoa maji yake kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na mimea, ziwa likapanda. Ulipofunguka mwaka 1878 hivi, maji yakashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu ukisimama leo kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871, lazima utembee kidogo ndipo uufikie ufukwe. Sehemu ya ardhi iliyo katikati ilikuwa ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda tena kwa kishindo, na mwaka 2024 yaliingia mitaa ya Bujumbura, yakimeza na fukwe za upande wetu. Anayesema “ziwa limeshahama” anazungumzia kumbukumbu ya umri wake tu. Majirani zetu wa Burundi, wanaotumia ziwa hilihili, wamejiwekea mita 150.

“Mwenyekiti wa mtaa amepiga muhuri, nimemaliza.”

Hujamaliza. Muhuri ule unashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani. Hautoi ruhusa ya kujenga. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na kabla ya hapo watu wa mipango miji ndio wenye ramani inayoonyesha kama kiwanja kimo kwenye hifadhi ya mto. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapahapa Kigoma. Kwenda kuuliza ni nauli ya bodaboda. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kwenye kifungu cha 7, inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa kati ya zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Hati mkononi haiyaondoi hayo.

Hapa nina neno moja kwa upande wa pili pia. Kuna kaya zilizokuwa kando ya maji kabla ya 2004, na si haki kuzichanganya na mtu aliyemwaga msingi mwaka jana huku akijua. Halafu, X nyekundu ya kubomoa inayochorwa ukutani baada ya nyumba kupauliwa ni kazi iliyochelewa. Bikoni zikisimikwa zikaonekana kando ya mto kabla viwanja havijauzwa, dalali atakosa la kusema.

“Tukishakuwa wengi, watatuacha.”

Waulizeni wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya familia zilipewa viwanja Mabwepande. Wengine walibaki au wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 mabuldoza yakaingia. Wingi uliwasaidia miaka michache, lakini haukuzuia maji wala mabuldoza.

“Nitapiga ukuta wa mawe, mto hautanigusa.”

Ukuta ulionyooka hauumalizi mwendo wa maji, unausukumia kwingine. Yakigonga mawe yako, nguvu inageukia ukingo wa jirani ng’ambo au shamba la anayefuata chini, na wakati huohuo yanachimba mguu wa ukuta wenyewe. Mto usio na ukuta una pa kutanukia, na maji yakitanuka hupunguza kasi. Mita 60 ndizo nafasi hiyo. Na mchanga? Ukichotwa mtoni kwa malori, sakafu ya mto inashuka na kingo zinaporomoka, hata zile zilizo mbali na machimbo. Baadhi ya nyumba zinazotishwa na ukingo zimejengwa kwa mchanga uliotoka ukingoni hapohapo.

“Eneo lenyewe linakaa bure.”

Matete na nyasi za ukingoni hukamata udongo kabla haujafika ziwani. Udongo ukipita, unatua juu ya miamba ya ufukweni ambako samaki wengi wa Tanganyika hula na kuzaliana, na maji tunayoyavuta kwa ajili ya mabomba yanakuwa ya tope. Vyoo vya shimo vilivyosogea mtoni ni tatizo lingine, maana mvua kubwa moja inatosha kuvipeleka ziwani, na kipindupindu si kigeni huku.

“Basi hakuna kinachoruhusiwa kabisa.”

Nayo si kweli. Gati, mtambo wa kuvuta maji au mwalo wa kuanikia dagaa haviwezi kwenda mlimani, na sheria inampa waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli ndani ya eneo hilo. Kupanda miti kunafaa pia, ila si mti wowote. Mikaratusi inakunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazistawi, kwa hiyo udongo unabaki uchi. Matete, mianzi na miti ya asili iliyokuwa hapo ndiyo inayoshika ukingo.