Tingatinga Likishazima: Yaliyofuata Granby na Yanayotuhusu Sote

Ijumaa ya tarehe 4 Juni 2004, majira ya saa tisa alasiri, tingatinga aina ya Komatsu D355A lilitoka kwa kubomoa ukuta wa gereji na kuingia barabarani katika mji mdogo wa Granby, milimani Colorado, Marekani. Aliyekuwa akiliendesha, Marvin Heemeyer, alikuwa fundi wa ekzosi aliyezozana kwa miaka na uongozi wa mji kuhusu kiwanda cha zege kilichojengwa jirani na gereji yake. Alilivika tingatinga mabamba ya chuma, akamwaga zege katikati yake, na risasi za polisi hazikufua dafu. Ubomoaji ulidumu kama saa mbili. Majengo 13 yalibomolewa, yakiwemo ofisi ya mji, benki, ofisi ya gazeti na nyumba ya mjane wa meya wa zamani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 7.

Mitandaoni kisa huishia hapo, tena mara nyingi kwa kumpigia mhusika makofi. Sisi wa menejimenti ya maafa kazi yetu huanza wasimulizi wanaponyamaza.

Tingatinga lilikwama ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, mnyororo wake mmoja ulipotumbukia kwenye chumba cha chini ya ardhi. Heemeyer alijiua humo humo. Ila aliye nje atajuaje? Huenda mtu yuko hai na anavizia, huenda ametega baruti. Polisi walijaribu kulifungua kwa vilipuzi wakashindwa, ikabidi chuma kikatwe kwa moto wa gesi. Mwili ulitolewa mnamo saa nane usiku. Kwa hiyo ukiona polisi wamezungusha utepe saa kadhaa baada ya vurumai kutulia, usidhani wanakuzuia kwa ukorofi.

Kulikuwa pia na gesi. Wakati wa tukio Heemeyer aliyalenga kwa bunduki matangi ya propani. Maofisa walieleza kwamba kama yangelipuka, aliye ndani ya mita 800 angekuwa hatarini, na humo mlikuwa na makazi ya wazee. Jengo likigongwa, mabomba na mitungi hulegea hata pasipo risasi. Ukinusa gesi usiwashe taa, usiizime, usipige simu ukiwa ndani. Toka, sogea mbali, kisha piga; kwa Tanzania namba ya zimamoto ni 114.

Sasa nyumba yenyewe. Mimi huliogopa zaidi jengo lililobaki limesimama kuliko lililolala chini. Blade ya tingatinga, lile bamba la mbele, husukuma sehemu ya chini ya ukuta, pamoja na nguzo zinazobeba paa. Nguzo ikiondoka, uzito wa paa huhamia kwenye kuta ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Zinaweza kuustahimili saa mbili au siku mbili, halafu upepo au lori linalopita likamaliza kazi. Tazama ukiwa nje: nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha, mlango uliokuwa ukifungika vizuri ambao sasa umebana, ukuta ulioachana na slabu, dari iliyobonyea. Ukiona hata kimoja, usiingie kuchukua godoro wala televisheni. Na tafadhali usiusukume ukuta kwa mkono ili kuupima. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Marekani wakaguzi wana utaratibu wa kubandika karatasi mlangoni: kijani kwamba jengo limekaguliwa na halikuonekana na hatari, njano kwamba matumizi yana mipaka, nyekundu kwamba ni marufuku kuingia. Kwetu, mwite mhandisi wa halmashauri kabla ya kumwita fundi wa plasta. Plasta huficha ufa tu.

Kinachowaudhi wenye mali ni kukatazwa kuzoa kifusi. Jengo lililobomolewa kwa makusudi ni eneo la jinai, na polisi wanahitaji kulipiga picha lilivyo. Nawe piga zako ukiwa nje ya utepe, kila upande, kabla tofali halijasogezwa. Andika vilivyokuwemo wakati kumbukumbu ni mbichi. Kisha kaisome bima yako. Wengi hukata bima ya moto wakidhani inabeba kila kitu, kumbe uharibifu wa makusudi na kugongwa na gari mara nyingi ni vipengele vya kuongezwa, vyenye malipo yake. Kukatisha tamaa kwenyewe ni pale hati ya bima inapokuwa ndani ya kabati lililo chini ya kifusi. Nakala ikae kwa ndugu au kwenye simu. Ofisi za umma nazo zijiulize swali hilo hilo: Granby ilipoteza ofisi ya mji na maktaba kwa mkupuo mmoja.

Hiyo maktaba inanirudisha kwa wanaosema jamaa alikuwa mwangalifu asimuumize mtu. Watoto walikuwemo humo, wakatolewa tingatinga likiwa njiani. Ofisi ya shirifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ilisema kati ya majengo 13, 11 yalikuwa na watu hadi muda mfupi kabla ya kubomolewa. Walinusurika kwa sababu polisi walipita wakiwahimiza watoke, na simu za tahadhari zikapigwa majumbani. Sifa ni ya hao. Malalamiko dhidi ya halmashauri yana njia zake, rufaa na mahakama, hata kama njia hizo huchosha.

Aprili 2005 uongozi wa mji ulitangaza kwamba tingatinga litakatwa kuwa chuma chakavu, na vipande vitawanywe kwenye yadi nyingi tofauti ili wapenda kumbukumbu wasiviokote. Wapo walioona ni kupoteza historia. Naona walifanya sawa: mjane aliyebomolewa nyumba hakustahili kupishana na watalii wanaopiga picha na kilichoibomoa. Hatima ya chombo kilichobomoa iamuliwe mapema, na kabla mitambo ya kuzoa kifusi haijafika wajulisheni majirani siku na saa, hasa wenye watoto. Mngurumo wake hautofautiani na ule wa siku ya tukio.