Maji ni tambarare, barabara siyo

Juzi tena. Meseji imeingia saa mbili usiku mikono yangu imejaa grisi: "Kaka shikamoo, nakuja huko mwezi wa sita, nataka tuzunguke lile ziwa unalopostigi picha zake, nitafutie ile baiskeli yenye kikapu mbele, si ni pembeni ya maji tu, tambarare."

Huyu ni wa saba mwaka huu. Na ndo kaniudhi kuliko wote sita waliotangulia kwa sababu kazaliwa Mwanza. Mwanza jamani! Mtu kakua anapanda Bugando kwa miguu, jirani zake wamejenga juu ya mawe, ziwa wanalichungulia kwa chini kulee, halafu anakaa ananiandikia kwamba pembeni ya ziwa ni tambarare.

Mimi ni fundi baiskeli Limerick, huku Ayalandi, na kiangazi wikendi naongoza vikundi kuzunguka Lough Derg, hili la mto Shannon (sio lile la Donegal wanakoenda mahujaji, kuna mtu aliwahi kuweka jina kwenye simu akapelekwa kaskazini kabisa, tukamngoja mpaka tukachoka). Kwa hiyo hiki kitu nakijua kwa magoti, sio kwa kusoma.

Ramani haraka haraka. Ziwa refu jembamba, karibu kilomita 40 toka Portumna kaskazini mpaka Killaloe kusini, linagusa kaunti tatu: Galway na Clare upande wa magharibi, Tipperary mashariki. Watu wanafanya hesabu, 40 kwenda 40 kurudi, basi 80, nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Hapana. Ni 120 na ushee, kwa sababu barabara haifuati maji. Maji yana ghuba na vichochoro kibao, na ufukwe mwingi ni mashamba ya watu, kwa hiyo barabara inakaa ndani huko, inapita kati ya nyua za miti na kuta za mawe, kuna vipande virefu unapiga pedeli huoni tone la maji, unaona ng'ombe wanakushangaa tu. Wengine wananiuliza njiani "ziwa liko wapi?" Lipo. Lipo nyuma ya yule ng'ombe.

Sasa hii tambarare. Nusu ya kaskazini nakubali, ni nchi ya mawe ya chokaa, imelala, ukitoka Portumna ukaenda Terryglass ukanywa chai ukarudi utaapa kwamba Ayalandi nzima imepigwa pasi, na nahisi wanaoeneza huu uongo wote waliishia hapohapo. Kusini ni habari nyingine kabisa. Kule ziwa linabanwa katikati ya milima, Slieve Bernagh upande wa Clare na Arra upande wa Tipperary, mwamba ni mgumu, ndo maana pale Portroe walikuwa wanachimba mawe ya kuezekea mapaa. Shannon imejipenyeza hapo kati ikatokea Killaloe. Mto unapita chini, wewe na baiskeli yako mnapita ubavuni mwa mlima.

Halafu kuna wajuaji wanaokuja na hoja ya "nimeangalia, sehemu ya juu kabisa ya barabara sio juu sana". Hii ndo inanipandisha presha. Urefu wa kilele hauna kazi! Kinachokuua ni jumla ya kupanda. Ukipanda mita 30 ukashuka 30 ukapanda tena 30, mara ishirini, umepanda mita 600 na hujawahi kuwa juu ya kitu chochote cha kupigia picha. Ogonnelloe, upande wa Clare, ndo iko hivyo, na upande wa Tipperary toka Ballina (ng'ambo ya daraja la Killaloe) kwenda Portroe hivyohivyo, unashuka kidogo unajidanganya yameisha, kona, kilima kingine. Mlima mmoja mrefu unauzoea, unapata pumzi ya huo mlima. Vilima vifupi havikupi huo muda, kila kimoja kinakukuta upya.

Jumla ni mita ngapi? Hapo mwenyewe sina msimamo. Kakompyuta kangu ka kwenye usukani kanapima kwa mgandamizo wa hewa kanasema elfu moja na kidogo, simu ya mwenzangu siku hiyohiyo, gurudumu kwa gurudumu, ikasema mia nane. Na kangu kana ugonjwa wake, hali ya hewa ikichafuka mgandamizo unashuka kenyewe kanadhani unapanda mlima, nimewahi kupewa mita za bure nimekaa kwenye benchi Mountshannon nakula sendwichi. Kwa hiyo mtu akikutajia namba ya jumla bila kukwambia kapima na nini, mshukuru tu uendelee na safari.

Tuje kwenye kikapu. Tatizo sio kikapu, kikapu kizuri kabisa, tatizo ni gia. Baiskeli nyingi za namna ile za kukodi mjini zina gia moja, au tatu. Chukua yenye moja, mbele meno 44 nyuma 18: kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea mita tano na kidogo. Huwezi kuzungusha pedeli polepole kupita kiasi, chini ya mara 40 kwa dakika unaanza kuyumba kama mlevi, sasa piga hesabu, mara 40 ni mita mia mbili kwa dakika, yaani kilomita 12 kwa saa. Maana yake hiyo baiskeli inakulazimisha upande mlima kwa kilomita 12 kwa saa, hata kama mapafu yako yanataka 7, au ushuke uisukume. Sasa weka mbele 34 nyuma 34, pedeli mara moja gurudumu mara moja, mita mbili na kidogo. Unazungusha mara 60 unaenda saba na nusu, unapumua, unaongea, unamtukana aliyekuleta. Vijana wanaona aibu gia ndogo, wanaziita gia za bibi. Sawa, huyo bibi nimemuona anawapita pale Ogonnelloe, na hakutokwa jasho.

Baiskeli ya umeme? Nenda nayo, hakuna dhambi. Chaji tu ijae, na ukumbuke betri ikiisha umebaki na mzigo wa kilo ishirini na kitu.

Jambo la pili la kugombana: tunazunguka upande gani. Ayalandi wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukizunguka kinyume na saa ziwa linakuwa kushoto kwako, hakuna gari kati yako na maji pale yanapoonekana. Upepo mwingi unatoka kusini-magharibi. Ndo maana vikundi vyangu vinaanzia Portumna na sio Killaloe wanakoanzia wengi: unateremka upande wa Galway na Clare asubuhi ukiwa na nguvu na upepo wa mbisho usoni, Whitegate, Mountshannon (angalia juu, mwaka 2013 tai-bahari mkia-mweupe walikuza vifaranga hapo mpaka wakaruka, mara ya kwanza nchini kwa zaidi ya miaka mia), Scarriff, vilima unavikuta katikati ya safari miguu imeshapata moto, unavuka Shannon pale Killaloe, unapanda mpaka Portroe unatazama ziwa lote liko chini yako, halafu toka hapo upepo uko mgongoni unakusindikiza mpaka nyumbani. Ukianzia Killaloe unakula Portroe ukiwa wa baridi na unamaliza na Ogonnelloe dhidi ya upepo. Nimeshaona mtu mzima kakaa kwenye majani pale, ndevu zote, haongei na mtu.

Ila mwaka jana mwezi wa nne upepo ulitoka mashariki siku nzima, mpango wangu wote ukageuka kichwa chini miguu juu, kikundi kikaniangalia. Kwa hiyo siku hizi nahubiri kwa sauti ya chini kidogo.

Mengine ni mepesi. Madigadi lazima, mbele na nyuma, hasa nyuma, mwenzako anayekufuata hajaja kunywa matope yako. Koti la mvua hata jua likiwaka. Mafuta ya cheni. Kwenye vibarabara vyenye majani katikati usikimbie kona, matrekta yapo na yamebeba. Tangu Februari 2025 barabara ndogo za vijijini kikomo ni kilomita 60 kwa saa, zamani 80, nafuu ipo, ila trekta halijawahi kufika 80 kwa hiyo kwako ni lilelile. Dereva akikuinulia kidole kimoja juu ya usukani ni salamu, itikia. Na daraja la Portumna lina kipande kinachofunguka kupisha boti, mara nyingi ni pale umebakiza kilomita moja na kitu pekee unachowaza ni chipsi.

Huyu wa Mwanza nimemjibu marahaba, nimemwambia baiskeli nimeshapata. Kikapu nimemfungia, chekundu, atafurahi. Na nyuma nimemwekea meno 34, hajui, atayaona mwenyewe Ogonnelloe.