Kabla hujachora grafu ya mvua, fungua kwanza kitabu cha msoma kipimo

Vijana wengi wanaokuja fildi huku kwetu Iringa wakishapewa faili la mvua kitu cha kwanza ni kuchora grafu, afu ndo wanaanza kuuliza mbona mwaka fulani umeshuka hivi, na mi huwa nawaambia subiri kwanza, kuna kazi kubwa kabla ya hapo na hiyo ndo kazi yenyewe. Nashinda na data za mvua na mito, sanasana za Usangu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo leo nieleze kidogo zinavyotoka kwenye kitabu mpaka zinafika mezani kwa watu wanaoamua banio lipi (pale mfereji unapochukulia maji mtoni) lifungwe na lipi liachwe.

Kipimo cha mvua cha kawaida kinasomwa saa 3 asubuhi. Ile namba inahesabu masaa 24 yaliyopita, yani mvua nyingi hapo ni ya jana, na ukiilinganisha na mashine inayojisomea yenyewe kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 6 usiku utadhani vipimo viwili vinapingana kumbe vimepishana siku tu.

Sasa kuna hili la siku tupu. Siku isiyonyesha inaandikwa 0.0, siku ambayo hakuna aliyesoma inaachwa wazi au inawekwa deshi. Excel ukiiambia ijumlishe inaziruka zile za wazi kimya kimya, kwa hiyo Januari iliyosomwa siku 20 inatoka na jumla ndogo na mtu anaandika kwenye ripoti kwamba kulikuwa na ukame. Mbaya zaidi ni yule anayeona shimo kwenye shiti akalijaza sifuri ili ipendeze, maana baada ya hapo hakuna anayeweza tena kujua ipi ilikuwa sifuri kweli. Halafu kuna misiba. Tuseme msoma kipimo kaenda kuzika Ijumaa, karudi Jumatatu kakuta milimita 62 kwenye chupa, kaandika 62 Jumatatu, na kwa haki kabisa maana ndo alichokikuta. Kwa jumla ya mwezi haina shida, ila anayetafuta mvua kubwa ya siku moja ili ajenge kalavati ataichukua ile 62 kama ilivyo wakati ni mvua ya siku tatu. Hiyo naiwekea alama pembeni, naangalia vituo vya jirani vilipata nini siku hizo, na siifuti namba ya asili hata kidogo. Nafungua safu nyingine ya makadirio, yakae huko na maelezo yake.

Kituo kinaweza pia kuharibika taratibu bila mtu kugundua. Mti wa parachichi umepandwa karibu, umekua, unakinga mvua, au kipimo kimehamishwa toka uani kwenda nyuma ya ofisi. Hapo nachukua jumla ya kituo hicho ya kulimbikiza, yani kila mwaka unajumlishwa juu ya iliyotangulia, naichora dhidi ya jumla kama hiyo ya vituo vya jirani, ikiwa kila kitu kiko sawa unapata mstari ulionyooka, ukipinda mahali basi nenda kaulize mwaka huo kulitokea nini pale. Na jirani awe jirani kweli jamani, usilinganishe Tukuyu inayopita milimita 2000 kwa mwaka na uwanda wa Usangu, eti kwa sababu vyote viko mkoa wa Mbeya!

Kitu kingine, msijumlishe Januari mpaka Desemba. Masika yetu nyanda za juu kusini ni moja, inaanza Novemba inaisha Aprili au Mei, kwa hiyo mwaka wa kalenda unaikata katikati na unachanganya mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Mwaka wa maji tunauanza tarehe 1 Novemba.

Mito ina kazi ya ziada kwa sababu geji, yani kile kipimo cha mtoni, inakupa kina, haikupi kiasi cha maji. Lazima watu waingie mtoni wapime kasi na upana na kina siku za maji kidogo na siku za maji mengi, ndo wapate mchoro wa kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mafuriko yakipita mchanga unahama, mchoro ule unachakaa, na usipopima upya unaendelea kutoa namba nzuri zisizo za kweli.

Kwenye kutafsiri hizo namba zina maana gani, nachopigania kila mara ni hiki: acheni kuutegemea wastani wa mwaka kwa Ruaha Mkuu. Mto unakusanya maji ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, unaingia Ihefu, lile eneo la kinamasi la Usangu, na unatokea Ng'iriama ambako kuna kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya ule mwamba hakuna kinachotoka kabisa, na ndo maana kuanzia miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mafuriko ya Machi na Aprili yakiwa makubwa wastani wa mwaka unapanda vizuri tu huku mto ule ule umekatika Oktoba. Kwa hiyo mi naonyesha siku ambazo hakuna maji yaliyopita, mwaka kwa mwaka, na tarehe yalipokatika na yaliporudi. Hiyo mkulima wa mpunga anaielewa, mtu wa hifadhi anaielewa, na wa bwawa la Mtera pia.

Na ukienda kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji peleka chati moja au mbili, zenye maandishi ya Kiswahili na vipimo vinavyoshikika. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, sema hivyo. Makadirio yachore kwa rangi hafifu yaonekane ni makadirio, kwa sababu watu wa mkiani mwa mfereji watafungiwa maji kwa kutumia hiyo chati na wana haki ya kujua ipi imepimwa na ipi imekisiwa. Wazee wakikwambia mwaka fulani haukuwa hivyo, andika, rudi kwenye kitabu ukaangalie.

Vitabu vyenyewe vingi bado viko kwenye makabati ya misheni, mashule na mashamba ya chai huko Mufindi na Rungwe, vinaliwa na mchwa. Mwenye navyo naomba avipige picha kurasa zote, na ile safu ya maelezo upande wa kulia isikatwe, maana huko ndo wameandika "kipimo kilivuja" na "sikuwepo, msibani".