Gubu la tiba ya homoni linatoka kwenye kidonge gani?

Huku kwetu Mtwara na Lindi binti akivunja ungo hupata kungwi wa kumfunda. Hedhi inapokoma, sijawahi kusikia ngoma iliyochezwa wala kungwi aliyeitwa. Mtu anajifunza mwenyewe usiku, kanga imelowa jasho. Na yule aliyefika kwa daktari akaandikiwa tiba ya homoni, huenda akakutana na jambo ambalo hakuambiwa: fukuto limeisha, usingizi umerudi, lakini yeye kawa na gubu. Sufuria ikianguka anafoka. Mjukuu akiuliza swali mara ya pili, machozi.

Hayo huenda ndiyo mabadiliko ya hisia yanayoletwa na tiba ya homoni. Si tabia mpya ya uzeeni, na si lazima kuwe na ugomvi nyumbani. Ni dawa inavyofanya kazi kwenye ubongo, na mara nyingi hisia hizo huja na kuondoka kwa kufuata dozi.

Tiba hii mara nyingi ni dawa mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Ya kwanza ni estrojeni, ambayo ovari zimeacha kuitengeneza ya kutosha. Kupungua kwake ndiko kunakoleta fukuto, jasho la usiku na ukavu ukeni. Wengi ikiwarudia hutulia, angalau kwa kuwa sasa wanalala. Lakini estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na utando ulionenepa kwa muda mrefu unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo mwenye mfuko wa uzazi huongezewa dawa ya pili, projestojeni, iulinde utando. Aliyetolewa mfuko kwa upasuaji kwa kawaida haihitaji.

Ukiniuliza mimi, mshukiwa wa kwanza ni huyo mlinzi. Projesteroni, yaani projestojeni ya asili, ikivunjwavunjwa mwilini hutoa kemikali inayogusa ubongo palepale panapoguswa na baadhi ya dawa za usingizi. Wengi huwasinziza, ndiyo maana huambiwa waimeze wakati wa kulala. Wachache huwageuka: hamaki, moyo mzito, matiti kuuma, tumbo kujaa, kama zile siku za kabla ya hedhi. Zipo pia projestojeni za kutengenezwa maabara, na mojawapo wengi wetu tumechomwa kliniki: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni medroksiprojesteroni. Kama sindano ile ilikukosesha raha, au uliwahi kupata sonona baada ya kujifungua, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Utajuaje? Kwa kalenda. Tuseme mama wa Mikindani, miaka 52, anatumia estrojeni kila siku na projestojeni siku 12 za kila mwezi, mpango wanaopewa zaidi ambao hedhi haijakatika siku nyingi. Kila siku aliyoamka na kisirani anaizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Miezi miwili ikipita, miduara ikiwa imebanana kwenye siku zile 12, hahitaji mganga. Ikitapakaa mwezi mzima, itazamwe mengine: tezi ya shingo, sonona yenyewe, au bei ya korosho. Anayemeza dawa zote mbili kila siku hataona wimbi hilo. Yeye alinganishe na alivyokuwa kabla ya kuanza. Na anayetumia kiraka cha estrojeni cha kubandika kwenye ngozi akikague, maana jasho la Novemba la huku hukibandua, estrojeni ikashuka bila yeye kujua.

Kosa baya kuliko yote ni kuitupa projestojeni kimyakimya na kuendelea na estrojeni. Baya kwa sababu linaonekana kufanya kazi. Moyo unatulia, nyumba inapumua, na huku utando unanenepa bila maumivu yoyote. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hiyo si hedhi iliyorudi. Ni ya kupimwa.

Daktari ana njia nyingine: kubadilisha aina ya projestojeni, kupunguza dozi, au kuweka kitanzi chenye homoni, ambacho huiachia dawa ndani ya mfuko wenyewe na kidogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu. Kwa wengi maudhi ya mwanzo hupungua ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo gubu la wiki ya pili linaweza kusubiriwa. Mawazo ya kujidhuru hayasubiriwi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda hospitali, ya Ligula au ya Nyangao, usiseme tu “nameza vile vidonge vyeupe.” Beba pakiti zote mbili na ile kalenda.